Ukurasa wa Wakala na Njia ya Mwese

Kabla yule dada wa Dar hajajiunga na kikundi chetu, neno "mtani" lilikuwa langu peke yangu.

Kijana aliyekuwa akiniita hivyo kwao ni Wasukuma, wazazi wake wanalima mahindi na karanga Kasokola. Mimi ni Mbende, nimezaliwa Mwese kule milimani. Kama Mbende na Msukuma wana utani wa kabila, mimi sijawahi kuusikia. Wa kwetu tuliutunga wenyewe shule ya msingi, nilipoletwa Mpanda kwa shangazi nikakalishwa na kijana huyo dawati moja. Aliniambia watu wa Mwese mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi kwa sababu ya kutembea kwenye mteremko. Nikamwambia Msukuma hata akiulizwa nomino anataja ng'ombe. Mwalimu akatutoa nje wote wawili, na kule nje tukaendelea. Basi, tukawa watani, na utani huo ukadumu hata yeye alipokwenda kusomea kompyuta Dodoma na mimi nikabaki na matokeo yangu ya kidato cha nne, ambayo hayakunifikisha popote ila kwenye duka la steshenari jirani na soko.

Sisemi hivyo kwa huzuni. Ile steshenari naipenda. Natoa kopi, nachapa barua za watu, napiga picha za pasipoti, namsaidia mzee kufungua barua pepe yake ambayo nywila aliiandika kwenye boksi la kiberiti. Na kichwani mwangu nina vitabu, havijaandikwa bado, lakini majalada yake nayaona kabisa, hata rangi.

Mtani wangu aliporudi kutoka Dodoma alianza kufanya kazi za mtandaoni. Kwao umeme ni wa shida, kwa hiyo jioni alikuja na kompyuta yake akakaa kwenye benchi la mbele ya duka, waya wake akauchomeka kwangu. Wateja wakipungua nami natoka, nakaa. Tajiri wangu alituona, akasema tu, "Nyie vijana, umeme wangu mnaunywa kama chai," akaenda zake msikitini.

Hapo ndipo nilipokisikia chombo chake cha kompyuta. Alikitengeneza na wenzake wa kikundi cha mtandaoni, vijana wa mikoa tofauti ambao wengine hata hawajawahi kuonana. Alinieleza mara tatu mpaka nikaelewa, na nikishaelewa jambo mimi ni vigumu kunyamaza, kwa hiyo nawaeleza na nyie.

Watu wengi wakiandika programu moja, huiweka kwenye ghala moja la mtandaoni linalokumbuka kila badiliko na kila aliyelifanya. Sasa chukua programu ni kitabu, na waandishi ni mimi na wewe. Nimechukua nakala asubuhi, nikaenda kuongeza ukurasa wangu pembeni. Huku nyuma wewe umebadilisha sura nzima. Nikirudi jioni, ukurasa wangu umekaa juu ya kitabu cha zamani. Wenyewe wana namna ya kuung'oa na kuupandikiza juu ya kitabu cha sasa, kama miche ya mpunga inavyotolewa kitaluni, ionekane kana kwamba nimeuandika leo. Wanaita kuribesi. Tatizo ni pale wawili tunapokuwa tumegusa mstari ule ule. Hapo kazi inasimama, panakuwa na mgongano, na mtu lazima aamue.

Siku hizi kazi nyingi wanazituma kwa wakala wa akili mnemba, yaani ile programu unayoiambia kwa maneno nayo inakwenda kufanya yenyewe. Ila kuribesi kuliwashinda mawakala, maana njia ya kawaida inafungua ukurasa wa kuhariri na kumsubiri mtu mwenye vidole. Wakala anaganda hapo. Chombo cha mtani wangu kilimruhusu wakala aeleze mpango wake wote kwa mara moja, hiki kibaki, kile kiunganishwe na hiki, halafu kazi ifanyike bila kusubiriwa mtu.

"Sasa kinahitaji maelekezo ya Kiswahili," akaniambia. "Na ukurasa mmoja wa wakala mwenyewe, asome kabla hajaanza. Uandike wewe."

"Mimi? Hao wenzako wenye digrii wanafanya nini?"

"Wanaandika kama wanatangaza zabuni. Wewe mzee wa kiberiti unamweleza mpaka anacheka."

Nilifurahi mpaka usiniulize. Shangazi alipoona naandika nyumbani akauliza naandika nini, nikasema maelekezo ya mawakala.

"Wa kutuma pesa?"

"Hapana shangazi, huyu ni wa kwenye kompyuta. Unamwambia kitu, anasoma, anafanya."

"Anasoma na anafanya? Basi mwandikie aje afue."

Nikaandika. Kila jioni nilimsomea mtani pale benchini, yeye akirekebisha mambo ya kompyuta, mimi nikirekebisha Kiswahili chake. Nilipofika sehemu ya mgongano nilikwama. Nitamwelezaje mtu, tena mtu asiye mtu, jinsi ya kuamua? Ikanijia njia ya Mwese. Kule kwetu kuna mahali njia imekatwa ubavuni mwa mlima, upana wake ni mtu na kikapu chake. Mkikutana, mwenye mzigo hupishwa. Hata pikipiki inayoshuka tupu huzima injini na kubana kwenye ukingo ili mama mwenye maharage kichwani apite. Hakuna anayefundishwa. Ukikua unaikuta. Nikaandika hivi: "Ukikuta mgongano, fanya kama watu wa Mwese kwenye njia nyembamba: mwenye mzigo apishwe."

Mtani alisoma kwa sauti. Akarudia. Akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama, au niseme mimi ndivyo nilivyotaka kuiona.

"Mtani," akasema, "hii nzuri, aisee."

Nililala na hiyo "aisee" kama mtoto na kiatu kipya.

Ndipo yule dada akaja.

Hakuja kwa miguu. Alikuja kwa sauti, kwenye simu. Alikuwa amejiunga na kikundi kusaidia maelekezo, na siku ya kwanza tu akatuma ujumbe wa sauti, mtani wangu akaufungua pale pale benchini huku mimi nimeshika karatasi zangu: "Nasikia mwenye chombo ni Msukuma! Mie Mzaramo, babu yako alikuwa akija pwani babu yangu ndo anamwonesha kitanda kinavyolaliwa. Mtani, za huko porini? Simba wamewaachia mtandao leo?"

Mtani wangu alicheka. Si kile kicheko anachonipa mimi, cha kupiga paja. Hiki kilimpeleka nyuma mpaka kisogo kikagonga ukuta wa duka. Akajibu, "Mtani wewe, huko kwenu mnakula nazi mpaka akili zimekuwa machicha!" Ukaja mwingine. Akajibu tena. Mimi nikaingia ndani nikapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Ubaya ni kwamba Wazaramo na Wasukuma ni watani kweli. Wa mababu, wa msibani, wa kudaiana mbuzi. Mimi utani wangu ulikuwa umetoka kwenye dawati. Nilijiona kama mtu aliyetembea miaka yote na cheti cha kuchapishwa steshenari, leo kaja mwenye cha serikali.

"Anaandika vizuri huyu dada," akaniambia kesho yake.

"Ee."

"Umesoma?"

"Nimeona."

"Mbona umenuna?"

"Nimenuna wapi? Ndiyo sura yangu, Mungu kanipa."

Nilisoma, tena zaidi ya mara moja. Aliandika mafupi mafupi. Mahali mimi nimezunguka mlima mzima, yeye alisema mistari mitatu akamaliza. Juu kabisa ya ukurasa wa wakala aliweka onyo: kazi ambayo wenzako wameshaichukua na kujengea juu yake usiiribesi, maana utawang'olea msingi wakiwa ndani. Mistari mitatu. Na mimi nilikuwa naandika onyo hilo hilo, mahali hapo hapo, ukurasa mzima wenye mifano. Nilikuwa nalitengeneza kwa muda, nikilifuta na kulirudia, nikitaka lisomwe benchini kwa sauti. Kumbe amenitangulia, na mtani wangu alikuwa ameshalikubali.

Sikubadilisha kitu. Nilimaliza ukurasa wangu jinsi nilivyokusudia, nikauweka. Nilisema moyoni, wacha uwepo na wa kwangu, tuone.

Mtani akamwagiza wakala aipandikize kazi yangu juu ya ile iliyokuwa imetangulia. Tukaenda kula mihogo ya kukaanga kwa yule mama wa pembeni, tuliporudi kazi imekwisha, hakuna aliyesimamishwa kuulizwa chochote. Akafurahi chombo kinavyokwenda. Akafunga kompyuta.

Kesho yake alikuja mapema, kabla sijafungua hata dirisha la pili. Hakukaa.

"Mtani, umemfutia mtoto wa watu kazi yake?"

Nilidhani ananitania. Nikamjibu kiutani, "Nimemfuta na wanja wake."

"Sikutanii. Onyo lake halipo. Mistari yote mitatu. Ghala linaonesha limeondoka kwenye badiliko lako. Kikundi kizima wanaulizana."

"Sijamfutia."

"Jina lililopo ni lako."

"Nimesema sijamfutia!"

Akasema taratibu, na hicho ndicho kilichonichoma, "Najua hukumpenda tangu siku ya kwanza."

Nyie, kuna maneno unaweza kuyajibu kama ni ya uongo. Hili lilikuwa kweli, na ukweli wake ukanifunga mdomo juu ya lile la uongo. Ningesema nini? Kwamba sikumpenda, ila sijamfuta? Nani angeelewa? Mteja akaja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, nikakiweka kinyume, nikatoa upande usio na kitu. Nilipomaliza nikamwambia mtani achomoe waya wake, umeme leo ni mdogo. Hakukuwa na umeme mdogo wala nini. Akachomoa, akaondoka.

Nililia stoo, juu ya maboksi ya karatasi. Sikulia kwa ajili ya maelekezo. Nililia kwa sababu benchi lile lilikuwa ndiyo kitu changu pekee ambacho sikukichapa kwa ajili ya mtu mwingine, na sasa mwenzangu wa kwenye benchi alikuwa ameamini kwamba mimi ni mtu wa kuvizia na kufuta.

Mchana ule nikakumbuka kwamba aliyefanya kazi yenyewe si mimi. Mimi niliandika, ila aliyepandikiza alikuwa wakala. Nikampigia simu mtani. Sikumsalimia.

"Umemuuliza wakala?"

"Nimuulize nini?"

"Si anasoma na kufanya? Muulize kwa nini alifanya."

Ilichukua muda. Nikasikia anachapa. Halafu akasema, "Ngoja nije."

Alikuja, akakaa bila kukaribishwa, akanigeuzia kompyuta. Wakala alikuwa ameandika kwa adabu zote, kama karani mpya: "Nilikuta mgongano kati ya maandishi mawili. Ukurasa wa maelekezo unasema mwenye mzigo apishwe. Maandishi ya kwanza yalikuwa mistari mitatu. Maandishi ya pili yalikuwa ukurasa mzima. Niliyapisha yenye mzigo mkubwa na kuyaondoa mengine."

Nilisoma mpaka mwisho, nikarudi juu. Mwenye mzigo apishwe. Sentensi yangu. Ile ya "aisee."

"Lakini kumpisha mtu si kumuondoa!" nikasema. Nilikuwa naongea na kioo. "Aliyepisha anabana ukingoni, mwenzake anapita, wanasalimiana, halafu naye anaendelea na safari yake! Nani kakwambia mtu wa mikono mitupu anasukumwa bondeni?"

"Hukuandika," mtani akasema.

"Nani Mwese anaandikiwa hilo?"

"Wakala si wa Mwese, mtani."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga na karatasi. Nikafanya vyote viwili. Akajikinga na kompyuta yake, halafu akaniangalia chini chini.

"Nilikukosea," akasema. "Ningeuliza kwanza."

"Uliniita mwizi."

"Sikukuita mwizi."

"Ulinitazama kama mwizi."

"Basi nimekosa. Bichwa langu hili la Kisukuma nilipeleke wapi?"

Nikamwambia alipeleke Kasokola likapande karanga. Akacheka, na safari hii alipiga paja. Nikapona. Nikapona robo tatu, niseme, maana pale pale akasema, "Ngoja nimwambie na mtani," na hakuwa ananiongelea mimi.

Akampigia, akaweka sauti ya nje ili nieleze mwenyewe. Nilitamani awe na roho mbaya. Kweli kabisa, nilimwomba Mungu awe na maringo, anifokee, nipate haki ya kutompenda. Nikaeleza, njia ya Mwese, mzigo, ukingo, mistari mitatu. Upande wa pili kikalipuka kicheko.

"Dada yangu we! Kwa hiyo mie ndo nimesukumwa bondeni na kanga zangu?"

"Samahani, dada."

"Samahani ya nini, shoga, nipo huku chini kwenye miti naokota viatu! Hivi hiyo njia ipo kweli? Watu wanazima na pikipiki?"

"Ipo. Wanazima."

"Jamani. Huku kwetu mtu anakupigia honi hata ukiwa umebeba jeneza."

Nilicheka kabla sijajizuia. Mtani akacheka kwa sababu mimi nimecheka. Na wivu wangu, badala ya kuisha, ukapata na sababu: nikaona kabisa kwa nini mtu angependa kuongea na huyu kila jioni.

Tulikubaliana sentensi ile irekebishwe, na kazi hiyo tukapewa wawili, mimi na dada. Mtani alisema ana kazi ya kurekebisha chombo chenyewe kwa ndani, kisimame na kuuliza kila mgongano unapotokea. Nilianza mimi. Nikaandika kwamba wakala asimamishe kazi, asiondoe maandishi ya mtu, awaoneshe wenyewe maandishi yote mawili na kuwauliza. Ilikuwa sahihi. Ilikuwa pia kavu kama tangazo la zabuni. Dada naye huko akaandika ya kwake bila kujua nimeshaandika, na tulipoziweka zote, wakala, kwa mara ya kwanza, akasimama.

Ujumbe ulinijia mimi dukani, nikiwa peke yangu, muda ule jua linaingia ndani ya duka na kuchoma vioo vya mashine ya kopi. "Kuna maandishi mawili mahali pamoja. Sijaondoa chochote. Naomba uamue." Chini yake, yangu. Chini ya yangu, ya kwake: "Mpishe mwenzako apite, kisha hakikisha wote wawili mmefika. Kama hujui wote watafikaje, simama uulize."

Hajawahi kufika Mwese. Hajawahi kubana kwenye ukingo ule akausikia udongo ukimomonyoka nyuma ya kisigino. Aliisikia njia yetu mara moja kwenye simu, akaichukua, akaieleza kuliko mimi niliyezaliwa pale inapoanzia. Niliona wivu mpaka mdomo ukawa mchungu. Wa mtani ulikuwa wivu wa kawaida, naujua, watu wanaimba juu yake. Huu ulikuwa wa sentensi, na sikujua kama kuna mtu mwingine duniani anaugua ugonjwa huo.

Ningeweza kuchagua ya kwangu. Hakuna ambaye angeuliza. Mtani asingejua, yeye Kiswahili akiona kina nukta mwisho kinamtosha. Nikaisoma yangu tena, nikaipa nafasi ya mwisho, kama unavyompa mwanao aliyekosa. Haikujitetea.

Nikamwandikia wakala: ya kwake itangulie, yangu ifuate chini yake, ieleze hatua za kazi. Akashukuru, akapandikiza, akamaliza. Nikafungua nikahakikisha. Zote zipo.

Dakika chache tu simu ikaita. Dada wa Dar, na si kwa mtani, kwangu.

"Shoga, umeniweka juu!"

"Ilikuwa nzuri."

"Ila bila yako ya chini wakala asingejua afanye nini, angekaa pale anatafakari kama padri." Akacheka. Akaniuliza kama nina vingine nimeandika, vya kwangu tu, visivyo vya mawakala. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikajikuta namweleza kitabu cha kwanza, mpaka jalada, mpaka rangi. Tuliongea mpaka mtani akatokea na waya wake shingoni, akasimama mlangoni.

"Mnacheka nini nyie?"

"Mambo ya waandishi," nikamwambia.

"Nani huyo?"

Nikamgeuzia mgongo. Akakaa benchini peke yake, akachomeka waya mwenyewe, akawa anageuza shingo kila nikicheka. Sitasema sikuisikia raha.

Mwisho dada akaaga. "Haya shoga, nisalimie mtani wangu. Mwambie namuwaza sana, yeye na ng'ombe zake."

"Nitamwambia," nikasema kwa upole kabisa.

Nikatoka nje nikakaa. Akauliza tena ni nani, amesema nini. Nikamwambia amesema ukurasa wa wakala umekaa vizuri sasa. Zile salamu sikumpa. Ninazo mpaka leo.